Nyumba ya Mafungu Saba

Nyumba yetu ya Mkomani iliuzwa kwa sababu ya maji. Watu wa Lamu wakizungumzia nyumba zilizotoka mikononi mwa wenyewe hutaja fedha za Wazungu, na fedha zilikuwepo, lakini mimi nilikuwa humo ndani na niliyaona maji yakitangulia miaka mingi kabla ya mnunuzi kupiga hodi. Sasa nyumba hiyo inauzwa tena. Dalali anaitembeza kwa picha kwenye simu: vyumba vya kulala vitano, birika lililogeuzwa bwawa dogo la kuogea, paa lenye kivuli cha makuti, bahari unaiona ukiwa umelala. Ameandika kuwa ni nyumba ya kale iliyokarabatiwa kwa ustadi. Ni kweli tupu. Nataka kueleza ustadi huo ulikuwa wa nani, na nyumba ilifikaje hali ya kuuhitaji, kwa kuwa wengi walioshuhudia wameshatangulia mbele ya haki.

Bibi yangu mzaa mama alipewa nyumba ile na baba yake alipoolewa. Ndiyo iliyokuwa ada ya mji wetu: binti akiolewa hupewa nyumba, mume ndiye huhamia kwake. Nyumba za mawe za Mkomani nyingi ni za karne ya 18 na ya 19, na yetu hakuna aliyejua umri wake. Ukitoka uchochoroni ulikuta daka lenye baraza pande mbili, kisha mlango wa kuchongwa, kisha tekani iliyopinda makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Mbele ya tekani ndipo kiwanda, yaani ua, wazi juu kwa Mungu, na kutoka kiwandani unapanda kidogo hadi ukumbi wa kwanza, msana wa kwanza, unapanda tena hadi msana wa pili, halafu chumba tulichokiita ndani. Kila ulipoingia zaidi palikuwa na giza zaidi, baridi zaidi na heshima zaidi. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, maana upana wa chumba cha Lamu huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ikifika mita tatu hivi, basi na chumba ni hapo hapo.

Ndani kulikuwa na ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa kwa nakshi nyembamba. Bibi aliweka humo sahani zake za Kichina, kitabu cha Maulidi, chupa za marashi na, kwenye kidaka cha chini kabisa nilichokifikia mimi, halua. Pembeni mwa choo palikuwa na birika la maji, na sakafuni mwake lilijengewa bakuli la kauri. Humo waliishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua sana samaki walibakia na bakuli lao mpaka birika lijazwe tena. Nilipokuwa mtoto niliamini samaki wale ni wa nyumba kama sisi, nao wana fungu lao.

Lakini mambo yote ya nyumba ya mawe yako juu. Paa la kale la Lamu ni boriti zilizopangwa kwa ukaribu, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, juu yake tena kokoto na chokaa iliyoshindiliwa mpaka ikawa sakafu nene. Sakafu hiyo ni nzito mno. Ikiwa nzima humaliza miaka mia na zaidi bila kulalamika. Ikipata ufa, maji ya masika huingia polepole, hufuata njia yake hadi kwenye kichwa cha boriti, pale boriti inapozikwa ukutani, na huko ndiko kunakooza. Katikati utaitazama boriti ni nyeusi, ngumu, inang'aa, na kumbe kichwa chake ukutani kimekuwa unga. Ndiyo maana Bibi kila mwaka, kabla ya masika, aliwapandisha wanawe juu na ndoo za chokaa. Yeye alikaa kiwandani, akiwaelekeza kwa sauti: "Angalia pembe ya choo! Yuu zaidi!" Hakuwahi kupanda lile paa, na alijua kila ufa uliokuwa huko.

Wanawe wawili ndio waliokuwa mikono ya paa. Mjomba mkubwa alifanya kazi ya boriti. Boriti za mikoko ya Lamu zilihesabiwa kwa korja, zikapakiwa majahazini na kuvuka kwenda Ghuba na Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na sisi watoto tulijua msimu kwa idadi ya milingoti bandarini. Mafuta yalipoanza kuleta utajiri huko, watu wa huko wakaanza kujenga kwa zege na chuma. Majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka, na 1982 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Mjomba hakungojea marufuku; alishahamia Mombasa siku nyingi. Mdogo wake alikwenda Jeddah. Kwa hiyo ile biashara iliyojenga mapaa ya mji wetu ndiyo iliyokufa ikawaondoa walioyatengeneza. Jambo hili sijalisikia likisemwa vya kutosha, ilhali kila nyumba iliyouzwa Mkomani zama zile ina mjomba wake wa Mombasa na mjomba wake wa Uarabuni.

Bibi alifariki 1979. Alioshwa ndani, kwenye chumba kile kile alichozalia watoto wake. Baada ya muda kadhi akagawa mirathi. Watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, kwa hiyo nyumba ikawa mafungu saba: kila mjomba mawili, mama na dada zake moja moja. Mgao ule ulikuwa wa haki na hakuna aliyeupinga. Tatizo lilikuwa kwamba msana una fungu, ndani kuna fungu, kiwanda kina fungu, na paa halikuwa na mwenyewe. Mama yangu ndiye aliyebaki akiishi humo, pamoja na dada yake mjane, khaloo yangu. Mwenye fungu moja angewezaje kutengeneza paa la mafungu saba? Aliandika barua kwa kaka zake. Walijibu kwa upendo, walituma kitu kidogo kwa Idi, na wakati mwingine walimwambia asubiri. Mjomba mdogo naye akafariki kabla nyumba haijaamuliwa lolote, mkewe na wanawe wakaingia kwenye hesabu, na mafungu saba yakazaa vipande ambavyo hata kadhi alivifanyia kazi kwa kalamu na karatasi.

Masika ya 1983 yalitukuta hivyo. Mama alikuwa ameanza kusogeza godoro la khaloo kutoka msana wa nyuma kwa sababu ya matone. Kwanza nusu chumba, kisha chumba kizima. Usiku mmoja baada ya isha tukasikia mlio, si mkubwa sana, kama mtu anavunja ukuni mbichi. Mama akasema, "Tokani." Hakupaza sauti. Tulifika kiwandani tukiwa na taa moja, ndipo nusu ya paa la msana wa nyuma ikashuka yote kwa pamoja, mawe, chokaa na boriti tatu. Vumbi lilizima taa. Lilipotua tuliona mvua inanyesha ndani ya nyumba, juu ya ukuta wa zidaka, na chokaa nyeupe inateremka na maji kwenda kwenye birika. Khaloo alisoma Ayatul Kursiyu mpaka alfajiri. Asubuhi nilikwenda kutazama kichwa cha boriti moja iliyoanguka. Nilikibana kwa vidole kikapukutika.

Tulifunika kwa mabati na kuishi chini ya mabati miaka minne. Wakati huo mji ulikuwa umeanza kutazamwa kwa jicho jingine. Tangu nikiwa mtoto walipita watu na kanda za kupimia: Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alichora nyumba zetu na kitabu chake juu ya mji kilitoka 1975. Ngome ya Lamu iliacha kuwa jela 1984 na kukabidhiwa Makumbusho. 1986 mji wa kale ukatangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa, na ikawa huwezi kubomoa wala kubadilisha ukuta bila idhini. Lilikuwa jambo jema na bado nasema hivyo. Ila tangazo lilihifadhi sura ya nyumba, halikuleta boriti wala chokaa, na aliyekuwa hana uwezo wa kutengeneza alibaki hana uwezo, sasa akiwa na sheria juu yake.

Mnunuzi alikuja 1987, Mzungu wa makamo aliyekuwa amepita Lamu miaka ya nyuma akiwa kijana. Alisimama kiwandani kwa muda mrefu bila kusema neno. Mjomba mkubwa alisafiri kutoka Mombasa kwa basi. Wakati huo barabara ya Garsen hadi Mokowe ilikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha safari haina saa. Warithi wote walikubali. Mama alikubali wa mwisho. Alisema, "Mimi siuzi nyumba. Nyumba ni ya mama yangu. Nauza fungu." Kisha akatia saini kwa herufi za Kiarabu, mwandiko aliofundishwa na Bibi, taratibu, akinyanyua kalamu baada ya kila neno.

Ukarabati ulianza mwaka uliofuata, na mimi niliajiriwa humo. Nilikuwa nimemaliza shule na Kiingereza changu kilitosha, kwa hiyo nikawa karani na mkalimani: niliandika mishahara, nilihesabu boriti na magunia, na nilisimama katikati ya mwenye nyumba na Fundi. Fundi alikuwa mzee wa mji, mtu wa chokaa, aliyejifunza kwa baba yake. Hakuvaa viatu kazini. Alipoingia siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja hadi ndani, akaweka kiganja ukutani, akakitazama, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasogea hatua moja, akagonga tena. Alizunguka nyumba nzima hivyo. Mwisho akaniambia, "Mwambie nyumba hini yataka kuishi."

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya saruji. Mwenye nyumba alikuja na michoro iliyotoka Nairobi, na michoro ilitaka saruji kuta zote na zege juu. Fundi alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Halafu akatupeleka kwenye ukuta wa tekani, mahali ambapo miaka ya nyuma mmoja wa wajomba aliziba kwa saruji. Kwa nje kiraka kilikuwa kigumu, safi. Akachomeka patasi pembeni akakibandua chote kipande kimoja, na nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, limeota chumvi nyeupe, linamenyeka kwa kucha. "Jiwe la bahari lavuta maji," alisema. "Chokaa huyatoa nje. Saruji huyafungia ndani, na chumvi yala jiwe." Mwenye nyumba aligusa ile chumvi, akailamba. Michoro ilikunjwa siku hiyo, na nampa heshima yake kwa hilo. Wengi walioletewa hoja kama ile hawakuisikiliza, na kuta zao zinabambuka mpaka leo.

Chokaa yenyewe ilipikwa kama zamani. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya tanuu la mviringo la magogo, lenye tundu katikati lililoachwa tangu chini, na moto ukatiwa kwa juu kupitia tundu hilo. Tanuu liliwaka usiku kucha na kuzama lenyewe taratibu, na asubuhi palibaki kilima cheupe. Chokaa ile ilimwagiwa maji ikafunikwa ikaachwa ilale. Fundi alikataa kabisa kuigusa kabla ya miezi kupita. Mawe ya ujenzi yalitoka Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa mashua na kupandishwa vichochoroni kwa punda, kwani hakuna njia nyingine ya kufikisha jiwe Mkomani. Boriti zilichaguliwa moja moja. Fundi alizisimamisha, akaziacha zianguke juu ya jiwe, akasikiliza. Iliyotoa mlio wa mbano alirudisha chomboni, na nahodha aligomba kila mara.

Siku ya kushindilia sakafu ya paa walikuja watu wa mtaa mzima. Tulijipanga mistari tukiwa na vipande vya miti, tukapiga chokaa kwa mwendo mmoja huku mwimbishaji akitangulia na sisi tukiitikia, na wanawake wakileta maji na kahawa. Ilipigwa tangu asubuhi mpaka jioni, na kesho yake tena, hadi ukiburuta kidole hakiachi alama. Nimeona baadaye mapaa yanamwagwa zege kwa mashine kwa saa mbili. Sijawahi kuona moja likifanya kazi ya lile letu.

Zidaka zilikuwa zimeharibika upande mmoja. Kijana wa Fundi alizichonga upya, chokaa ikiwa bado mbichi, kwa kisu chenye ncha fupi, akifuata upande uliosalia kwa macho tu. Leo ukiambiwa utofautishe upande wa kale na upande wa 1988 huwezi, ila uujue mwanga: wakati wa alasiri zile mpya hutoa kivuli chembamba zaidi, kwa kuwa hazijapakwa mikono mingi ya chokaa. Na walipokuwa wanakwangua ukuta wa ngazi, chini ya tabaka nyingi za rangi, lilijitokeza jahazi. Mtu wa zamani alilichora kwa ncha ya msumari au kisu, tanga, foromali, kamba zote mahali pake, usukani mkubwa nyuma. Mchoraji alikuwa mtu wa chombo, maana hakukosea kamba hata moja. Fundi alisimamisha kazi akamwita Mama aje kuangalia. Mama aliishi katika nyumba ile tangu kuzaliwa kwake na hakuwahi kujua kwamba lipo. Mwenye nyumba akaagiza liachwe wazi, nalo lipo hadi leo. Kwenye picha za dalali ni ile ya tisa.

Kazi ilipokwisha, mwenye nyumba alimkaribisha Mama. Alikuja na khaloo, wakiwa wamevaa buibui mpya. Ndani, alikozaliwa na alikooshwa mama yake, sasa palikuwa na kitanda kikubwa na chandarua, na mlango wa bafu ulikuwa umetobolewa. Mama alisimama akitazama zidaka. Akanituma nimwambie bwana yule jambo moja: kwamba wageni wake watakapolala humo wasiingie na viatu. Alikubali, na kwa miaka yote aliyomiliki alilishika neno lake. Hilo nalo ni la kushuhudia.

Kilichonichoma kilikuja pole pole. Wenye nyumba walikuja majuma machache kwa mwaka, na yaliyobaki nyumba ilifungwa. Baraza za daka, ambako wazee wa mtaa walikaa baada ya alasiri tangu kabla ya Bibi, ziliwekewa kijilango cha mbao. Mlinzi alikuwa mtu wetu na angeweza kuwafungulia, lakini wazee hawakaribishwi mara mbili kwenye kikao chao wenyewe. Walihama. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kama hiyo moja, kisha nne, kisha nikaacha kuhesabu. Mnamo 2001 UNESCO iliuweka mji wa kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia, na bei zikapanda kiasi ambacho fundi aliyejenga ukuta asingeweza kununua hata mlango. Halafu zikaja shida: utekaji wa wageni wa 2011, mauaji ya Mpeketoni ya 2014 na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, korona. Wageni walikatika, walinzi wakapunguzwa, na nyumba zilizofungwa zikafungwa zaidi. Nyumba ya mawe isiyofunguliwa madirisha hupata ukungu, na isiyo na mtu wa kusikiliza paa hurudia ugonjwa wake wa zamani.

Mwenye nyumba amekuwa mzee sana, wanawe hawataki safari ndefu, ndiyo maana inauzwa. Anayetaka kununua ajue pia kwamba tangu Katiba ya 2010, kifungu cha 65, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hata kama hati ya mwanzo ilisema milele. Dalali hataji hilo hadi aulizwe. Sisi wajukuu tulijadiliana, walioko Mombasa, Muscat na Lamu kwenyewe. Tulihesabu tulichonacho, hakikufika popote karibu na bei, na waliotaka kuendelea kuchanga wanaendelea. Mimi ni mmoja wao.

Wakati tunachanga, nyumba haipaswi kusubiri. Wiki iliyopita nilimpa dalali karatasi ya mwandiko wangu ampe yeyote atakayekuja kwa nia ya kweli, awe mwenyeji au mgeni. Nimeandika kwamba mwana wa Fundi, aliyechonga zidaka, yu hai na bado anafanya kazi, na mtaa gani aulizwe. Kwamba chokaa ipakwe juu kila mwaka kabla ya masika, na saruji isiguse ukuta wowote. Kwamba katika msana wa nyuma boriti zote zilibadilishwa 1988 isipokuwa mbili za upande wa choo, ambazo Fundi alizigonga akasema bado zina umri. Sasa umri huo umepita. Vichwa vyake vifukuliwe ukutani na kutazamwa kabla ya jambo lolote, kabla hata ya kupatana bei.